Nambari Nne

Cheti kiko ukutani, juu ya redio.
Jua la Nyalenda limekilamba miaka thelathini na mitatu
hadi jina la shule limebaki rangi ya chai.
Kinachosomeka bado ni tarakimu moja: 4.

Nne kati ya ngapi, cheti hakisemi,
nami sijawahi kukilazimisha kiseme.

Mwaka wa kwanza nilisema kweli:
tulikuwa kwaya nne, tukawa wa nne,
waliotutangulia walikuwa na viatu.
Mwaka wa tatu, kwenye harusi ya shemeji kule Luanda,
mtu aliniuliza, nami nilikuwa nimeshiba.
Nikajibu, "Wa nne. Mkoa mzima."

Wanaosema watu hutia chumvi hawajui mapishi.
Mimi sikutia hata punje.
Nilichemsha tu. Maji yakapungua,
mchuzi ukakolea wenyewe.

Kisha ikaja ile pointi moja iliyotunyima kikombe,
na jaji mwembamba aliyetoa leso akalia.
Jaji huyo nilimzaa mwenyewe
usiku ule barua ya kustaafu ilipofika
na jina langu limekosewa: Nyangwesi, badala ya Nyangweso.
Nikamlea. Nikamnunulia miwani.
Siku hizi namwona vizuri
kuliko ninavyomwona mwanangu wa Eldoret.

Mtu hajidanganyi kwa siku moja.
Hujikopesha kidogo kidogo, kama sukari ya dukani,
mwenye duka yeye, daftari analiandika yeye,
na mwisho wa mwezi
hapiti njia ile.

Jumamosi alikuja Truphosa Akumu,
sauti ya tatu, mstari wa nyuma, mguu wa kulia na kidonda.
Sasa ni karani mkubwa huko Ahero.
Aliniletea kilo mbili za mchele
na akasimama mbele ya cheti, miwani kwenye paji la uso.

Nikajua leo ni leo.
Unaweza kumdanganya yeyote ambaye hakuwepo;
huyu alikuwepo.
Nikakohoa. Nikaweka kikombe chini.
Nilikuwa nimeshafungua kinywa
aliponitangulia:

"Mwalimu, wakumbuka
tulivyopigiwa makofi hadi taa zikazimika?"

Nakumbuka. Taa zilizimika kwanza.
Ubeti wa pili, umeme ukakatika Kisumu nzima,
na wazazi wakapiga makofi gizani
ili watoto wasiogope.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu,
labda kwa sababu halina nambari.
Hamkunyamaza.
Mikono yangu hamkuiona, nyuso zenu sikuziona,
sauti ya tatu, ambayo siku zote ilichelewa,
ikaingia mahali pake kama ufunguo,
na kwa dakika mbili, au moja na nusu,
hatukuwa wa nne, hatukuwa wa ngapi.
Majaji waliinua kalamu wakangoja.
Gizani hakuna anayeweza kuandika alama.
Taa ziliporudi tulikuwa tumemaliza,
na vumbi la miguu yenu likaonekana tena.

Ningemwambiaje mtu hilo harusini,
sahani ya pilau ikiwa mkononi?
Wangeuliza: Sasa mlikuwa wa ngapi?

"Binti zangu wanaijua hadithi," Truphosa akasema.
"Mdogo kila mara huuliza ni taa ngapi zilizopasuka."

Zilizopasuka.

"Nawe humjibu ngapi?"

Akatazama pembeni, kwenye mchele wake.
"Sita."

Ukumbi ule ulikuwa na taa tatu,
moja iliungua tangu Januari.
Nikamwongezea chai, polepole, hadi ukingoni.

"Saba," nikasema.
"Umesahau ya mlangoni."